Mita Mbili Kutoka Ukutani

Verner, nimekata bomba lako.
Nimetumia msumeno ule wa mpini mwekundu
uliokuwa ukinikataza kuushika.
Mkono haukutetemeka mpaka nilipomaliza.

Barua ya manispaa ilikuja Jumanne,
jina lako bado limetangulia langu.
Sheria ndogo, kifungu cha kumi na moja:
maji ya shimo la pampu
yasiingizwe katika bomba la maji taka,
yasimwagwe kwenye njia ya waendao kwa miguu,
yasielekezwe kwa jirani.
Yatoke nje, mita mbili kutoka ukutani,
yanywewe na ardhi ya mwenye nyumba.
Niliisoma nimesimama, kofia kichwani,
nikajua ni mstari gani uliokuwa wetu.

Miaka ishirini na miwili
pampu iliamka usiku, ikakohoa mara tatu,
na maji yakateremka nyuma ya mashine ya kufulia,
pale ulipolipenyeza bomba, ukalipaka rangi ya ukuta.
"Nani atajua?" ulisema. "Maji ni maji."
Nami nilikushikia tochi.
Naliandika na hilo: nilikushikia tochi.

Mwezi wa nne theluji yote iliyeyuka kwa siku nne.
Mtaa mzima tulisikia pampu zetu zikihema,
na kule chini, mtaa unapoinama,
kwa Orest Hnatiuk, maji taka yakarudi
kupitia tundu la sakafu.
Alitoa zulia. Akatoa godoro la mjukuu.
Mwisho akatoa akodiani ya baba yake,
akaiweka juu ya kipande cha theluji kilichobaki,
akaifungua kidogo, ikatapika maji.
Nilimpelekea supu ya kabichi.
Alinishukuru, Verner.
Alinishukuru, akanirudishia sufuria imesuguliwa.

Mficha maradhi, kifo humwumbua.
Wewe kifo kilikusitiri; nimeumbuka mimi.

Mkaguzi alikuwa binti, Jasleen Brar,
alivua buti mlangoni, soksi moja ina tundu.
Alimimina rangi ya kijani shimoni,
tukatoka, akafunua mfuniko katikati ya barabara,
tukainama wawili kama watu waliodondosha pete.
Tulingoja.
Mapazia ya jirani yalingoja nasi.
Ikaja: kwanza uzi, kisha utepe,
kijani ambacho hakuna jani limewahi kukivaa.
Hakunisomea kifungu. Alisema, "Siku thelathini, mama.
Ukirekebisha, hakuna faini."
Nilitamani kuwe na faini.

Kwanza nilikosea. Mpira niliuacha ukielekea njiani,
usiku baridi ikageuka, ikarudi bila hodi,
asubuhi mgawa barua akateleza mbele ya lango,
bahasha za watu zikasambaa juu ya barafu yangu.
Hakuumia. Alicheka, akajipangusa magoti.
Nikamwaga mchanga nimepiga magoti mimi,
nikikokotoa maji ya kifuu,
na chungu ni wangapi.

Jumamosi nikashuka hadi kwa Orest.
Nilimweleza yote: rangi ya ukuta, tochi, miaka.
Alikaa kimya, akikwangua kucha kwa kucha.
Kisha akaniuliza: "Bomba lako lina mteremko?"
Nikasema sijui mteremko ni nini.
Akaingia ndani, nikadhani ndiyo kwaheri,
akatoka na pima maji, kioo chake kimepasuka pembeni,
tukapanda mtaa bila kuzungumza.

Alipima hatua kutoka ukutani, akaongeza moja.
"Hiyo ni ya udongo huu," alisema, "mfinyanzi hunywa polepole."
Akodiani sikuiulizia.
Hakuitaja.

Usiku huu mvua imekuja.
Pampu imekohoa mara tatu.
Nimevaa koti lako juu ya gauni la kulalia,
nimetoka na tochi, kwenye nyasi, kuangalia
yanakokwenda.