Chumba kwa Perihan

Usikodi karibu na Mnara wa Galata, mwanangu.
Kule kitanda ni ghali na usingizi haba.
Kaa huku Kurtuluş,
juu ya duka la achari,
ukimvumilia paka mwenye jicho moja.

Ukishuka darajani utamwona mwanamume
anatangulia na sanduku la kung'arishia viatu.
Brashi itamponyoka.
Usiiokote.
Ukiiokota atakushukuru mpaka uone haya,
atakusugua viatu bure,
kisha hiyo bure itaota bei,
na bei itazaa mtoto mgonjwa Ankara.

Teksi? Mita iwake, au shuka.
Anayekuita rafiki kabla ya jina,
mwambie mama yako anakungoja.
Mimi hapa, nakungoja.

Kama mtaa huu ni salama?
Mwaka wa kumi na tisa
mlango wangu haujui komeo.

Hizo nyayo darini ni za Nurettin,
karudi kazini. Mpole huyo,
hunipandishia mtungi wa gesi.
Ndiyo, sanduku lile ngazini ni lake.
Tazama: brashi kaifunga kwa kamba,
isije ikaanguka
nyumbani.