Risiti ya Busulu

Ubaoni nilichora ngome.
Ilifanana zaidi na tangi la maji la misheni;
darasa likacheka, nami nikacheka nalo,
vumbi la chaki likitua kwenye suruali yangu ya Jumatatu.

Huku juu, nikasema, anaishi bwana.
Huku chini, watwana.
Mtwana hapelekwi mnadani kama mtumwa,
ila shamba likiuzwa, naye huuzika nalo,
pamoja na kisima, kuku, na nyasi za paa.
Siku tatu za wiki jembe lake hulima pasipo pake.
Avunapo ngano, katika kila kumi, mganda mmoja ni wa kanisa.
"Mganda mmoja!" wakapiga kelele, wakitazamana,
wakimsukuma Kiyemba, mtoto wa katekista.
Nikangoja kicheko kipite.
Akifa mtwana, bwana huchagua ng'ombe aliye bora zizini.
Padri huchagua anayefuata.

Hapo hawakucheka.

Mimi nilizaliwa kwenye laini za reli, Tororo.
Nyumba ilikuwa ya Reli, bomba la Reli,
hata king'ora kilichotuamsha kilikuwa cha Reli,
na Kiswahili tulikiokota hapohapo, kati ya jiko na jiko.
Sijawahi kuwa na mgomba wa kugombania.
Ndiyo maana naifundisha Ulaya ya kale
kama mtu asomaye bei za hoteli akiwa ameshiba.

Nikaendelea na watawa:
unyoya wa bata bukini, ngozi ya ndama,
vidole vimepasuka kwa baridi.
Mtawa ananakili Zaburi toka alfajiri,
na pembeni mwa ukurasa, kwa herufi za kuibia,
analalamika kwamba wino ni maji na giza linaingia.

Nabbosa, dawati la tatu, aliinua mkono.
"Yule mtwana, mwalimu. Alikuwa na karatasi?"
Karatasi gani?
"Ya kuonyesha amelipa."

Nikamwambia wapo walioandikwa katika kitabu cha bwana
wakapewa nakala,
na nakala ile ndiyo iliyokuwa shamba lao.
Sikumwambia juu ya wale waliovichoma vitabu.
Mwalimu mkuu alikuwa anapita dirishani.

Saa kumi alibaki.
Alitoa mfuko wa nailoni, ndani yake bahasha,
ndani ya bahasha risiti ya busulu, shilingi elfu moja,
wino umefifia hadi rangi ya chai iliyorudiwa majani.
Shamba limeuzwa, akasema. Mwenye jipya anataka miwa.
Tukimpelekea busulu hapokei;
asipopokea, hatujalipa; tusipolipa, tuondoke.
Alilisema kwa mfuatano, kama jedwali la hesabu.
"Na ng'ombe?" nikauliza, sijui kwa nini.
"Alikwenda kwa wakili."

Mashine ya kutoa nakala iko mjini Kayunga,
na umeme ulikatika tangu Jumamosi.
Nikachukua karatasi ya mtihani, upande mweupe.
Nikanakili tarehe. Nikanakili jina la jjajja yake,
lenye herufi moja iliyokosewa, nikaikosea vilevile.
Nikanakili mhuri kwa kuzungusha kizibo cha soda.
Tulijua wote wawili
kwamba hakuna hakimu atakayeiangalia mara mbili.
Mvua ikaanza upande wa Sezibwa,
chumba kikaingia kiza, kalamu ikawa inakwaruza,
nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: wino unakwisha.
Sijui nilimwandikia nani.

Ikabaki alama ya dole gumba,
kile kiduara cha zambarau chenye mistari kama shamba lililolimwa.
Hiyo siwezi, nikamwambia. Mlete mwenyewe, aje aliweke.

Nabbosa alikuwa anafunga kitabu chake cha historia
kwa uzi wa katani.
"Tulimzika Machi," akasema,
"nyuma ya nyumba, palepale kibanjani."