Usichungulie

Bauma, kabla hujagusa kitu, nawa.
Kisha ngoja viganja vikauke.
Mji huu umejengwa juu ya uji wa mawe ulioganda,
na vumbi lake jeusi halibishi hodi:
linaingia na upepo wa Birere, na soli za wagonjwa,
limekaa hata kwenye mshono wa shati lako la Jumapili.
Chembe moja tu, ndogo kuliko yai la chawa,
ikitua kwenye ncha ya unywele huu wa kioo
ni jiwe katikati ya barabara: mwanga unagonga, unarudi.
Kwa hiyo kizibo hakitoki mpaka mkono uko tayari.
Futa kwa kitambaa kisichoacha manyoya, upande mmoja, mara moja.
Usipulize. Mate yako si sabuni.

Nilimwambia hayo saa mbili asubuhi,
katika chumba cha nyuma cha zahanati, Ndosho,
ambacho hadi juzi kilikuwa stoo ya mabeseni.
Akapinda kebo kama anayefunga mbuzi. Nikamwonyesha upana:
mdomo wa kikombe cha chai, usishuke hapo,
kioo kinakumbuka kila kona uliyokilazimisha.
Akasukuma. Ikakaa: ta!
Sauti ndogo, kama ulimi wa mtu anayesikitika.

Taa ya swichi haikuwaka.

Akachomoa, akainua ile ncha hadi jichoni
kama mtoto anayetazama ndani ya filimbi.
Sijui nilirukaje meza. Nilimdaka kifundo cha mkono,
kalamu zikamwagika.
"Sioni kitu, fundi," akasema. "Hakuna mwanga."

Ndiyo maana, Bauma.
Wewe mtoto wa Sake, nani alikufundisha kuyakwepa mazuku?
Yale mashimo yaliyolala kimya kando ya ziwa,
hewa yake haina rangi, haina neno,
na asubuhi mbuzi yuko chini, miguu juu.
Mama yako alisubiri ayaone ndipo akuite?
Mwanga huu nao ni mazuku:
haung'ai, hauumi, kope hazipepesi,
na kinachoungua humo ndani hakioti tena.

Alishusha mkono polepole. Hakujibu.
Nikampa kipimo, akasoma namba mwenyewe:
mwanga ulikuwapo. Tangu mwanzo ulikuwapo.
Kosa lilikuwa letu (langu, niseme kweli):
tulielekeza mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio,
huku wote wanasema, huku wote wanasubiri.
Tukabadilishana nyuzi. Akafuta tena, bila kuambiwa.
Ta.

Kijani.

Muuguzi Kanyere akachomoza kichwa mlangoni:
ile picha ya mguu wa kijana wa chukudu,
imefika kwa daktari ng'ambo ya mji?
Imefika, nikasema.
Bauma alikuwa amepiga magoti chini ya meza
anaokota kalamu zangu,
na vizibo, kimoja kimoja, anavihesabu.