Spika ya Katikati

Dukani kwa Ezati, mjini Arua,
spika tatu zimepangwa mbele yangu kama posa.
Ya kwanza ina ngurumo. Sikuja kununua radi.
Ya pili inang'aa, ila maneno yanatokea puani.

Kushoto na kulia nimeshajaza:
mvua, pikipiki, vioo vinavyovunjika.
Nilichokosa ni kinywa.

Jumamosi, kwenye kibanda changu cha video,
mwanamke wa filamu alimwambia mumewe jambo polepole,
mtafsiri wetu naye akashusha sauti,
na watu themanini wakacheka.
Candiru peke yake, muuza sambusa, aliniuliza:
"Amesema nini?"
Sikujua. Filamu ile nimeionyesha mara tisa.

Basi Ezati, zima muziki.
Weka pale wanaponong'ona.

Ya tatu ni nyeusi, kona moja imebonyea,
haina hata jina usoni.
Ikasema, wazi, kama mtu aliyeketi kwenye benchi langu la mbele:
"Mtoto hajaamka."

Ezati akaacha kuhesabu nyaya.
Nililipa bila kuomba punguzo.
Kwenye boda niliipakata,
nikamwambia dereva aende taratibu.