Rido

Kavugho alipopanda gari la Butembo kumuuguza mama yake
aliacha maelekezo ya maharagwe, mtoto mmoja wa shule,
na sindano tatu zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni.
Kuhusu sindano hakusema neno.

Wiki ya kwanza upepo ulituamsha.
Unatoka ziwani, unapanda juu ya mawe meusi,
unaingia bila hodi kati ya ubao na ubao.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakulala Majengo.
Huku ukuta wote ni ufa
uliotiwa adabu na misumari.

Nikachana magunia ya mchele, nikayapigilia kwa ndani,
kifuniko cha soda chini ya kila kichwa cha msumari
ili gunia lisitoboke.
Hilo nalijua. Mimi ni mtu wa nyundo.

Lakini rido, ile inayotenga
usingizi wetu na usingizi wa Masika,
ilikuwa imeraruka mpaka katikati.
Nikampelekea Mama Nzigire pale kona.
Akaitazama rido, akanitazama mimi.
"Elfu tano. Au kaa kwenye hicho kigoda, nikuoneshe bure."
Elfu tano sikuwa nayo.

Lamba uzi, akasema.
Usiusukume kwenye tundu; lete tundu kwenye uzi.
Kunja upindo mara mbili, ufiche nyuzi zinazoning'inia.
Anza na bandi kubwa kubwa, hizo utazifumua baadaye.
Nikauliza: nishone ili nifumue?
Akacheka. "Na wewe unapojenga,
zile nguzo za kushikilia huziondoi?"

Usiku, umeme umekatika,
Masika ananimulikia kwa simu, chaji imebaki kidogo.
"Baba, mishono yako imelewa."
Kweli, ilikuwa inapepesuka
kama anayerudi nyumbani usiku wa mshahara.
Nikajichoma, nikanyonya kidole, nikajichoma tena,
mpaka kifuniko cha soda kikawa subana.
Sindano moja ikakatika. Nikaendelea.

Nilipofunga fundo la mwisho nikasimama kwa fahari,
na rido ikasimama nami.
Nilikuwa nimeishona kwenye suruali.
Masika alicheka mpaka akaegemea ukuta,
jirani wa upande wa pili akauliza kuna nini.
Tukashindwa kumjibu.

Nikaivua suruali ili nifumue taratibu,
na kwenye mwanga ule mdogo
nikaona mshono usio wangu, kwenye paja.
Mdogo, umelala sawasawa, rangi ya kitambaa chenyewe.
Nikageuza shati: chini ya kwapa, mwingine.
Kola ilikuwa imepinduliwa, ya ndani imekuwa ya nje.
Soksi. Mfuko wa koti la misa.
Miaka kumi na mbili natembea Goma
nikidhani nguo zangu ni ngumu.
Nilihesabu hadi arobaini na moja, simu ikazima.

Jumapili akapiga.
Mama anakula kidogo, akasema. Maharagwe?
Yanaiva.
Upepo?
Umepungua.
Akanyamaza. Kisha:
"Sindano zangu ziko ngapi?"
Mbili, nikasema.
Nikasikia anavuta pumzi, kule mbali,
na kabla hajauliza nikamwambia
ya tatu, ukirudi, nitakueleza.