Shati la Zamu

Lilikuwa shati moja, na sisi tu wawili.
Faki darasa la saba, mkondo wa asubuhi;
mimi la tatu, mkondo wa jioni.
Mwaka ule nguo zilikuwa za foleni,
wari mbili kwa nyumba, na kadi mkononi,
na fundi Khatoro, pale Wete madukani,
alimpima Faki mabega,
akaacha upindo wa vidole vinne.
"Huyu atakua," akasema.
Mimi hakunipima.

Saa sita na nusu tulikutana
nyuma ya ghala la karafuu, penye ukuta uliomeguka.
Yeye anavua, mimi navaa.
Hapana salamu.
"Haya, enda mbio, kengele hiyo!"
Naye hurudi nyumbani kifua wazi,
daftari kaliweka kichwani kwa ajili ya jua.
Shati lilinifikia lingali la moto,
lina jasho lake na vumbi la chaki,
mikono yake imenipita viganja.
Nikaikunja mara tatu, huku nakimbia.

Mfukoni alikuwa akiniachia karatasi.
*Leo wanakagua kucha.*
*Mwalimu Shaame kaamka vibaya.*
*Hesabu ya nne ni kumi na saba, usiulize.*
Mara moja, kipande cha boflo,
kimelowa, kimekuwa na ladha ya kalamu.
Mimi sikuwahi kumwachia kitu:
likitoka kwangu, shati huingia kwenye beseni.

Mama alilitia bluu, akalitia uwanga wa muhogo,
likasimama kambani kama mtu aliyenuna.
Pasi ya mkaa aliipima kwa mate.
Lakini masika, nguo hazikauki,
akalitandaza juu ya jiko usiku kucha,
tukenda shule tunanuka moshi, zamu kwa zamu.
Asubuhi wakamwita Faki Ng'onda.
Jioni wakaniita Ng'onda mimi,
na hawakuwa wameambiana.

Kisha ile siku ya wino.
Doa la buluu, kubwa kama jani la mchicha,
hapa, juu ya moyo.
Mwalimu Shaame akalitazama, akanitazama.
"Darasa la tatu mnaandika kwa kalamu ya risasi.
Wino umeutoa wapi?"
Nikanyamaza.
Bakora nne.
Faki alinisubiri njiani, hana shati, ana baridi.
"Umesema?"
"Sijasema."
Akanibebea daftari hadi mlangoni.
Mama alilisugua doa kwa limau na chumvi,
likapauka tu, halikuondoka.

Majina yalipobandikwa, lake halikuwemo.
Alisoma orodha mara mbili, ya tatu kwa kidole,
kisha akavuka kwenda Tanga kwa ami yetu,
na nguo zote alizokuwa nazo.
Shati aliliacha juu ya kitanda, limekunjwa vizuri
kuliko alivyowahi kukunja kitu.
Ule upindo haukufunguliwa kwa ajili yake.
Miaka mingi baadaye mama aliufungua kwa ajili yangu,
na kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe, kipya kabisa.

Lakini nakumbuka zaidi ile asubuhi ya kwanza,
darasa la nne, mkondo wa asubuhi, shati langu peke yangu.
Nililivaa chumbani, pasina haraka.
Lilikuwa baridi.
Nikatia mkono mfukoni,
kisha nikakaa kizingitini
nikazitazama kucha zangu, moja moja,
kwani nani angeniambia.