Mlango wa Koo

Kamande, muuza nguruwe wa Kangemi,
huniwekea tumbo kila Ijumaa,
zima, na umio wake, lisitobolewe.
Siku ya kwanza alicheka:
"Hili, daktari, hata mbwa wa Loresho hulikataa.
Unalipika kwa muda gani?"
Nikamjibu, "Miaka miwili."

Nina miaka thelathini na tisa.
Kule Kapenguria nilikwisha kuitwa bingwa,
nilikwisha kutia sahihi vyeti vya vifo
bila kumuuliza mtu.
Sasa nabeba daftari la mwanafunzi,
na Cheptoo wangu, alfajiri, nikifunga viatu:
"Mama, si ulisema shule uliimaliza?"

Chumba hakina dirisha.
Mashine inahema. Skrini ni mwezi mdogo
uliojaa nyama ya mtu.
Miezi mitatu ya mwanzo nilishika taya,
nilishika mkono wa mgonjwa,
nilishika ulimi wangu.
"Jicho kwanza," alisema Daktari Mumbua.
"Mkono ni mpumbavu. Utafuata."

Kisha nikapewa mpini.
Gumba la kushoto juu ya gurudumu,
mkono wa kulia ukisukuma, ukipinda,
kama anayefungua kufuli kuukuu,
si kwa nguvu, kwa kubembeleza.
Nikapotea kwenye kona za utumbo mpana
hadi jasho likanitambaa mgongoni.
Baadaye, akisugua mrija ule kwa brashi, tundu kwa tundu,
Sista Kerubo akaninong'oneza:
"Ukiona wekundu mtupu, umegusa ukuta. Rudi nyuma.
Ninyi madaktari mnaogopa sana kurudi nyuma."

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Sawa. Lakini nani alituambia
kwamba kata nayo hutetemeka
siku ya kwanza inapoteremshwa?

Akaja mwalimu wa Bomet,
anakunywa uji tu tangu Machi,
akidhani ni kidonda cha koo.
Uvimbe ulikaa pale kama mtu
aliyejifungia mlango kwa ndani.
Kwa huo sikuwa na ufunguo.
Nikaandika nambari themanini na saba,
na kando yake neno moja: *nimetazama*.

Na usiku wa Jumanne, Gichobi, mkulima wa mpunga, Mwea.
Kichocho kilimwingia utotoni, miguu majini,
ini likanyamaza miaka thelathini
halafu likasema yote kwa mara moja,
beseni la kwanza, beseni la pili.
Mishipa ya umio imevimba, inametameta
kama nyungunyungu baada ya mvua.

Umeme ukakatika.
Nilihesabu kwa Kipokot, kimoyomoyo,
mrija ukiwa ndani ya mtu na mimi gizani.
Nilifika tisa. Jenereta ikakohoa.

Mwanga uliporudi nikageuka nimpe Mumbua mpini.
Amefunga mikono nyuma
kama mtu anayekagua shamba la jirani.
"Nyonya," alisema. "Subiri. Jicho likijaa, fyatua."
Nikanyonya mshipa ndani ya kikombe.
Wekundu mtupu.
Safari hii sikurudi nyuma.

Mpira mmoja. Mweusi, mdogo, umekaza.
Wa pili ukateleza, nikatukana, hakuna aliyenikemea.
Wa tatu. Wa nne.
Kwenye wa sita damu ikaacha kutafuta njia.

Asubuhi Gichobi aliomba chai.
Nikamwambia sawa, lakini ipoe kabisa.
Akanitazama kwa huzuni kubwa
kuliko aliyokuwa nayo usiku.

Ijumaa, Kamande, kisu mkononi:
"Daktari, la wiki iliyopita liliiva?"
Nikamwambia bado, mwaka na miezi minne.
Akalifunga kwa gazeti,
akapima kichwa changu kwa macho,
akaongeza tumbo la pili, bure.